Mila Iliyofika Mjini Nusu

Katika ploti nyingi za Kayole, Huruma na Pipeline, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, chumba cha kupanga ni futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, kochi, jiko la gesi, mitungi ya maji na pazia linalotenga mahali pa kulala na mahali pa kukaa. Wanaishi humo mume, mke na watoto, na mara kwa mara, kwa mwezi mmoja au kwa miaka, mama yake mume. Pengine amekuja kwa kliniki ya presha. Pengine analea mjukuu ili mkaza mwana arudi kazini. Pengine shamba limeuzwa na hana pa kurudi. Wanawake hao wawili wakikosana, hakuna chumba cha kwenda kununia. Na mkaza mwana akianza kukosa usingizi, akalia akiosha vyombo, akapoteza hamu ya chakula na ya watu, jibu atakalopewa na shangazi, na mchungaji, na mara nyingi na mama yake mzazi, ni lile lile: vumilia mwanangu, ndivyo tulivyoolewa sote.

Jibu hilo hutolewa kwa jina la mila. Makala haya yanauliza kama kweli ni mila. Ukizilinganisha desturi za jamii zilizohamia Eastlands na za pwani, kisha ukatazama mbali zaidi, Korea, China, Zimbabwe, Uganda na Pakistan, utaona kwamba jamii zilizomjua mkwe vizuri hazikumwambia mke avumilie halafu zikaondoka. Zilimpa umbali, zikampa muda wenye mwisho, zikampa mtu wa tatu wa kumsikiliza. Kilichopanda basi hadi Nairobi ni amri ya kuvumilia. Masharti yaliyoifanya amri hiyo ibebeke yalibaki nyuma. Na tiba za sonona zilizofaulu miongoni mwa watu wa kipato cha chini, ukizichunguza, nyingi zinafanya kazi ya kuyarudisha masharti hayo kwa majina mengine.

Ramani isiyo na mkwe

Eastlands haikujengwa kwa ajili ya ukoo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mfanyakazi wa kupita, mwanamume asiye na familia, na kwa miaka mingi alichopewa na baraza la jiji au na shirika la reli kilikuwa nafasi ya kitanda. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ni miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyokubali kwamba mfanyakazi ana mke na watoto. Hata hivyo, mwaka 1954, kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika bado ililazimika kutetea hoja kwamba mshahara wa kapera hauwezi kulisha familia mjini. Miaka ya 1970 ukaja mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukagawa viwanja vipatavyo 6,000 ili watu wajijengee wenyewe. Wengi wa waliopata viwanja waliongeza chumba baada ya chumba, wakapangisha. Kutoka hapo hadi maghorofa ya leo, yenye vyumba vinavyotazamana ukumbini na choo kimoja kwa milango kadhaa, hatua ilikuwa fupi. Katika ramani hizo zote, kuanzia kitanda cha kapera hadi chumba cha ploti, hakuna aliyewahi kuchora mahali pa mama mkwe.

Mtaa wa Majengo, Pumwani, ulikwenda njia yake. Nyumba zake za Kiswahili zilikuwa na vyumba kadhaa chini ya paa moja, na mwanahistoria Luise White ameonyesha kwamba wanawake wengi walikuwa miongoni mwa waliozijenga na kuzimiliki. Mwanamke mwenye mlango wake alikuwa na uwezo wa kuamua nani alale wapi. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kwa sababu ni miji michache iliyojengwa kwa namna ya kumnyima mtu uamuzi huo kama ilivyojengwa sehemu kubwa ya Eastlands.

Miiko haikukubali kimya kimya. Kwa Waluo na Waluhya wengi, mzazi kulala chumba kimoja na mwanawe aliyeoa ni jambo lisilotajika. Ndiyo maana mgeni akifika, jioni huanza mashauriano ya mlangoni: mama atalala kwa jirani mjane, au baba watoto atajihifadhi kwa rafiki. Kwa siku mbili tatu mpango huo hufaa. Mwezi wa pili huwa mzigo, na mzigo wenyewe hutafutiwa mwenye kosa. Mara nyingi mwenye kosa huwa mke.

Boma, lango na nyumba ya binti

Huko kulikotoka mila, ardhi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya uvumilivu. Kijana wa Kiluo hujenga simba, nyumba yake ya ujana, karibu na lango la boma la babake. Mkewe anapokuja, mwanzoni hupika katika jiko la mama mkwe, chini ya macho yake, na hakuna anayesema kipindi hicho ni rahisi. Lakini kina mwisho. Siku hufika akapewa jiko lake, na miaka inapopita yeye na mumewe hutoka kabisa kwenda kuanzisha boma lao. Kila mtu anajua hatua zinavyofuatana. Mke anayeteseka leo ana jambo la kungojea, na mama mkwe anajua kwamba mamlaka yake yana ukomo. Wakamba nao wana nthoni, adabu ya kuoneana haya inayomzuia mkwe wa kiume na mama mkwe wasikutane ovyo. Katika jamii nyingi za Waluhya baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono. Adabu hizi zinahusu zaidi mwanamume na mwanamke. Kati ya mke na mama mkwe umbali uliwekwa kwa njia ya jiko, kizingiti na kalenda.

Pwani ilikwenda mbali zaidi. Katika familia za kiungwana za Lamu, baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Mke alibaki karibu na mama yake mzazi. Mavyaa, yaani mama mkwe, alikuwa mtu wa kutembelewa. Si ajabu basi kwamba utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu aliutungia binti yake mwaka 1858, unaojulikana kwa kumtaka mke awe mtiifu, unamwekea mwanamke radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mama mkwe hamo katika hesabu hiyo. Anayeutumia utenzi ule kumnyamazisha mkaza mwana wa Umoja anamdai deni ambalo Mwana Kupona mwenyewe hakuliandika. Sheria ya Kiislamu nayo inahesabu makazi kuwa haki ya mke juu ya mumewe, na wanavyuoni wengi wanasema halazimiki kukaa chini ya dari moja na jamaa za mume bila ridhaa yake. Juu ya hayo kuna kungwi, au somo: mwanamke mzima, mwenye siri za ndoa, anayeandamana na bibi harusi na kubaki sikio lake hata baada ya fungate. Kungwi haamriwi na mavyaa. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Mfano wa mahali palipokosa haya yote unatoka China. Utenzi mrefu wa mwisho wa enzi ya Han, kuhusu tausi arukaye kuelekea kusini-mashariki, unasimulia habari za Liu Lanzhi, mke mfuma vitambaa asiyechoka, aliyerudishwa kwao na mama mkwe asiyeridhika. Mumewe alimpenda, lakini hakuweza kupinga neno la mama yake. Wote wawili wakaangamia. Liu Lanzhi alikuwa na mlango mmoja tu wa kupeleka mashtaka, na hakimu aliyekuwa nyuma ya mlango huo ndiye mshtaki. Mume ambaye angekuwa mtu wa tatu alijiondoa. Msomaji wa Kaloleni hahitaji maelezo ya enzi ya Han ili kuielewa nyumba ile.

Tusizipambe desturi zetu kupita kiasi. Simba ilimpa mke umbali, lakini ilimtaka pia azae ndipo heshima yake ikamilike. Asiyezaa alingojea hatua ambazo hazikuja. Nyumba ya Lamu ilikuwa ya wenye mali. Hata hivyo, kasoro za mila hazibatilishi hoja, kwamba ndani yake mlikuwa na mpango, na chumba cha futi kumi hakina.

Hasira ikikosa mlango

Pasipo umbali wala msikilizaji, mwili hushika zamu ya kusema. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowapata wanawake walioolewa wa Kitaita: kutetemeka, kuzimia, kutamani kitu kwa nguvu isiyozuilika. Tiba yake ilikuwa ngoma ya hadharani na kumpatia mgonjwa alichokitamani. Wakati huo nyumba nzima ilimzunguka mwanamke ambaye siku nyingine hakuna aliyemuuliza ameamkaje. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini za kupandwa na roho, alidai kwamba katika jamii nyingi pepo huwachagua wanyonge, hasa wake, kwa sababu pepo anaweza kudai kile ambacho mke akikidai mwenyewe ataitwa mkorofi.

Wakorea wana ugonjwa waliouita hwabyung, ugonjwa wa moto, uliotajwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994. Huwapata zaidi wanawake wa makamo walioimeza hasira kwa miaka mingi, na maisha ya ukweni ni miongoni mwa chimbuko lake linalotajwa sana. Mgonjwa huhisi joto likipanda, donge kifuani, pumzi haishuki. Na huko Hunan, China, Arthur Kleinman alipowachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa neva, alikuta 87 kati yao wana sonona kali. Walikuwa wamefika hospitalini kwa maumivu ya kichwa na uchovu.

Eastlands inaujua mwendo huu bila kuupa jina. Mwanamke huenda zahanati kwa kichwa kisichopona, mgongo, vidonda vya tumbo visivyoonekana kwenye kipimo, moyo kwenda mbio usiku. Hupewa dawa za kutuliza maumivu na kurudi kwenye chumba kile kile. Wengine hupelekwa kesha, wakaombewe dhidi ya pepo wa kuvunja ndoa. Maombi hayo yana jambo moja la kweli ambalo saka ililijua, nalo ni kwamba mtu anayeumia anahitaji kuzungukwa na watu. Udhaifu wake ni ule ule wa saka pia. Ngoma ikiisha, mama mkwe na mkaza mwana wanarudi kwenye sufuria moja, na kilichowagombanisha hakijaguswa.

Kutoka London hadi Mbare

Nani basi huvunjika, na nani hubaki amesimama katika shida ile ile? George Brown na Tirril Harris walilifuatilia swali hili kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London, na mwaka 1978 wakachapisha majibu yao. Pigo la maisha humwangusha kwa urahisi zaidi mwanamke mwenye mambo haya: hana mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni, ana watoto watatu au zaidi wadogo nyumbani, hana kazi nje ya nyumba, au alifiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11. Baadaye Brown na wenzake wakaona kwamba mapigo yanayoleta sonona zaidi ni yale yanayomdhalilisha mtu au kumfanya ajione amenaswa. Melanie Abas na Jeremy Broadhead walifanya uchunguzi wa aina hiyo Harare miaka ya 1990, katika mtaa wenye msongamano kama wa Dandora, wakakuta sonona nyingi kuliko London na chanzo kile kile: fedheha na kunaswa, mara nyingi ndani ya ndoa.

Ukiusoma ugunduzi wa Camberwell ukiwa Kayole, unakutana na kitendawili ambacho London haikukiona. Mama mkwe anayelea mjukuu ndiye anayemwezesha mkaza mwana kwenda kazini, kiwandani, sokoni Gikomba au kwenye duka la mjini. Kwa hiyo anampa kinga moja kati ya zile zilizotajwa. Lakini kwa kuwepo kwake nyuma ya pazia kila usiku, anamnyang'anya kinga nyingine iliyo kubwa kuliko zote: mume wa kuzungumza naye faragha. Mke na mume wa chumba kimoja huzungumza taa ikishazimwa. Mama akiwepo, mazungumzo hayo hufa. Mume anajua habari za mkewe kupitia kwa mama yake, na za mama yake kupitia kwa mkewe, na zote zimekwishachachuka. Ndiyo maana kumwambia mke amfukuze mama mkwe si tiba, na kumwambia amnyamazie si tiba. Huyo mama ni msaada na ni madhara kwa wakati mmoja, na ushauri wowote usioyaona yote mawili utakwama.

Harare iliendelea kutoka kwenye uchunguzi hadi kwenye tendo. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mabibi wa Mbare, wahudumu wa afya wa mtaani wasio na shahada, kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi husikiliza, humsaidia mgeni wake kuyataja matatizo yote, kisha achague moja tu la kuanza nalo na hatua ya kulichukulia wiki hiyo. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016: miezi sita baadaye, miongoni mwa waliokaa na mabibi wale, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 kwa mia, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida takriban 50 kwa mia. Mpango huo ulifika Malawi na Zanzibar. Mswahili akimtazama bibi yule wa Mbare, mtu mzima asiye wa ukoo wa mume, atunzaye siri na kuuliza badala ya kuhukumu, atamtambua kungwi.

Masaka na Rawalpindi

Uganda ilichukua njia ya kikundi. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Watu wenye dalili za sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa majuma mawili. Mwanzoni, 86 kwa mia ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na sonona, mwishoni, 6.5 kwa mia. Katika vijiji visivyopata vikundi, idadi ilishuka kutoka 94 hadi karibu 55 kwa mia. Mbinu yenyewe inaamini kwamba sonona hufungamana na mambo manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, badiliko la maisha, au upweke. Wa Eastlands mwenye mkwe mgumu yuko katika fungu la pili, na mara nyingi katika la tatu pia.

Kinachofaa kuazimwa kutoka Masaka ni namna ya kuupima ugomvi. Kwanza hutazamwa uko wapi: bado wanabishana, wamenuniana, au uhusiano umekwisha kufa. Kila hali ina dawa yake. Wanaobishana wanahitaji kutulizwa na kuelezana matarajio: nani anashika pesa za chakula, nani anaamua mtoto anyonye hadi lini. Walionuniana, na hawa ndio wengi kwenye ploti, wale wanaosemezana kupitia mtoto, “mwambie mama yako chumvi imezidi”, wanahitaji kurudishwa kwenye mabishano kabla ya kupatanishwa, kwa sababu ugomvi uliozibwa mdomo hauna pa kushikwa. Ushauri wa kuvumilia hufanya kinyume chake: huwachukua watu wanaobishana na kuwasukuma kwenye kununiana, halafu kimya hicho kikaitwa amani.

Pakistan iliongeza jambo ambalo wengi wetu hatungelifikiria. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha kazi yao ya vijijini Rawalpindi, ambako mke huishi na wazazi wa mume na mama mkwe ndiye mwenye neno. Wahudumu wa afya wanawake waliwatembelea waja wazito na waliojifungua waliokuwa na sonona. Hawakuingia nyumbani kwa kusema wamekuja kumtibu mkaza mwana, sembuse kumwokoa. Walisema wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto, jambo ambalo mama mkwe analitaka kuliko yeyote, wakamvuta naye kwenye mazungumzo ya chakula, mapumziko na msaada kwa mzazi. Miezi sita baadaye, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa mia, dhidi ya 53 kwa mia katika kundi la kulinganishia. Yule anayeitwa kikwazo alipewa kazi ndani ya tiba, bila kutwezwa.

Mama mkwe naye ana jina

Kitabu cha Ruthu, kinachosomwa katika makanisa mengi ya mitaa hii, hutumiwa kumsifu mkaza mwana mwaminifu. Wahubiri wachache hukaa na Naomi. Mwanamke huyu amefiwa na mume na wana wawili ugenini, anarudi Bethlehemu mikono mitupu, na anapolakiwa na wanawake wa mji anawaomba wasimwite tena kwa jina lake, wamwite Mara, kwa uchungu wa maisha yake. Kwa macho ya leo Naomi ana dalili za mtu aliyezama katika sonona, na ni katika hali hiyo ndipo Ruthu anapoambatana naye.

Mama wa kijijini aletwaye Huruma amepoteza mengi kwa safari moja: shamba, majirani, kanisa lake, nafasi ya kuitwa mwenye boma. Mjini hajui kuwasha jiko la gesi, hatoki peke yake, na mamlaka pekee aliyobaki nayo ni juu ya sufuria ya mkaza mwana. Ukali wake mara nyingi ni wa mtu anayelinda hatamu ya mwisho. Kusema hivi hakumwondolei wajibu wa maneno yake. Kunasaidia kuona kwamba katika chumba kile huenda wagonjwa ni wawili, na kwamba kumpa mama kikundi chake, kibanda cha kuuza mboga au Jumapili moja kwa ndugu zake wa Jericho, kunaweza kumpunguzia mkaza mwana dalili kuliko kidonge.

Kilichopo mtaani

Hata hivyo kidonge kina mahali pake. Sonona ni ugonjwa. Huweza kuanza kwa ugomvi na kuendelea baada ya ugomvi kwisha. Usingizi, hamu, nguvu na matumaini vikiharibika kwa zaidi ya majuma mawili, hasa kwa aliyejifungua karibuni, zahanati ya mtaa au hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndipo pa kuanzia. Hospitali ya akili ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliochanganyikiwa, bado jina lake hutumiwa mitaani kama tusi, na aibu hiyo imewachelewesha wengi. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Mwenye mawazo ya kifo sasa ana sababu moja pungufu ya kumficha muuguzi, na anaweza pia kupiga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Sheria nayo imemwona mkwe. Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja kuingiliwa na wakwe miongoni mwa aina za ukatili, na inaruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. India ilitangulia mwaka 1983, ilipofanya ukatili wa mume au jamaa zake kuwa jinai. Palipo na kipigo, vitisho au kunyimwa chakula, haya ya kujadiliana hayafai tena. Hapo umbali maana yake ni kuondoka, na kuondoka mapema. Kwa ugomvi wa kawaida, mahakama ni mtu wa tatu anayefika akiwa amechelewa.

Anayeweza kufika mapema yuko tayari mtaani. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023, hubisha milango ile ile kwa habari za chanjo na presha, kama wale wa Rawalpindi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba wahudumu wa aina hiyo hapa Nairobi, kwa vikao vitano tu, waliwapunguzia dhiki wanawake waliopitia ukatili. Chama cha akina mama kinachokutana kila wiki kina umbo la kikundi cha Masaka, kikikubali sharti moja gumu la siri. Kuta za ploti zina masikio, hivyo msiri bora ni wa mtaa mwingine, asiye wa ukoo wa mume: mtu wa Maringo kwa anayeishi Komarock.

Mume ndiye asiye na mbadala. Mumewe Liu Lanzhi alipenda na akanyamaza, na mapenzi yake hayakumfaa mtu. Mume wa Eastlands hawezi kuongeza futi za chumba kwa mshahara alio nao, lakini tarehe haihitaji kodi. Anaweza kumwambia mama na mkewe, wote wawili wakisikia, kwamba ziara ni hadi shule zifungwe, au hadi mtoto aanze chekechea. Anaweza kutoka na mkewe matembezi ya jioni mara moja kwa wiki, wakazungumze wakitembea, kwa kuwa ndani hapazungumziki. Hizo ni kalenda ya simba na faragha ya nyumba ya Lamu, kwa kiasi kinachowezekana kwenye ghorofa ya tano.

Kwa hiyo wazee wakiketi kusikiliza shauri, na mmoja wao akatamka kwamba mila inamtaka mke avumilie, ana haki ya kuulizwa maswali matatu kabla shauri halijaendelea. Avumilie hadi lini? Amweleze nani? Akitaka kukaa peke yake, akae wapi? Mila za Waluo, za Lamu na za wengine zilikuwa na majibu, kila moja kwa namna yake. Baraza lisiloweza kujibu hata swali moja halijamletea mke mila. Limemletea agizo, naye hana deni la kuugua kwa ajili ya agizo.